Pikipiki Kwenye Matope: Mwongozo kwa Anayeanza

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

 Mhariri wa jarida letu alituomba kila mmoja aandike jambo analolijua kwa mikono yake mwenyewe, si jambo alilolisoma tu vitabuni. Nilikuna kichwa siku tatu nzima. Ndipo nilipolitazama kovu lililo kwenye goti langu la kushoto, nikasema moyoni, "Naam, hili hapa." Nitaeleza jinsi mtu asiyejua kitu anavyoanza kuendesha pikipiki kwenye njia zisizo na lami, yaani hizi njia zetu za maramu, mchanga na matope.

Huenda ukauliza, "Kwani hilo nalo ni la kufundishwa? Si kila kijana wa Busia anajua pikipiki?" La hasha! Kubebwa si kuendesha. Nami nilidhani najua kwa sababu nimebebwa tangu utotoni. Yaliyonipata utayasikia.

ASILI YA JAMBO LENYEWE

Sisi wa mpakani tuna haki ya kujivuna kidogo, maana neno "bodaboda" lilizaliwa huku kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 lilikuwa jina la baiskeli, wala si la pikipiki. Kutoka lango la Kenya hadi lango la Uganda pale Busia kulikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Aliyeshuka kwenye basi na mizigo yake alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: atembee juani au alipe nauli kidogo abebwe. Vijana wakafunga mto wa kukalia kwenye keria ya baiskeli, wakawa wanaita wasafiri, "Boda! Boda!" yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Kazi hiyo ikaenea hadi Malaba, halafu Uganda yote na Kenya yote. Pikipiki zilikuja kwa wingi baadaye, hasa baada ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo. Siku hizi hata kituo cha mpakani kimebadilika. Tangu kile cha pamoja kilipofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018, msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya kukaguliwa mara mbili. Lakini jina la bodaboda limebaki, na jina zuri halifi.

Hata hivyo, lami yetu ni nyembamba kama uzi. Toka hatua chache tu nje ya barabara kuu, uelekee Amukura, Chakol, Nambale au Funyula, na utakutana na njia za udongo. Mvua za Machi hadi Mei zikifika, udongo huo huwa sabuni. Trekta za miwa nazo zikipita na matela yao, huacha mifereji ambayo mtoto mdogo anaweza kujificha ndani yake. Mgonjwa, mahindi ya kusaga na mwalimu anayewahi kipindi cha kwanza, wote hupita humo. Kwa hiyo kujua kupita humo si mchezo wa anasa.

PIKIPIKI YA MJOMBA

Mimi nalelewa na mjomba, ndugu ya mama. Kwetu ni upande wa Amukura, naye ni mwendeshaji wa bodaboda Malaba. Pikipiki yake aliichukua kwa mkopo, na kila jioni hutenga fedha za kulipa deni kabla hajanunua hata sukari. Kinachobaki ndicho kinachonunua unga na kunilipia karo. Mwaka jana malaria ilimlaza wiki mbili. Pikipiki ikasimama chini ya mwembe, deni likaendelea kutembea. Nami nikarudishwa nyumbani kufuata karo.

Alipopona alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wewe sasa ni mtu mzima. Likizo ya Aprili utajifunza hii kitu. Si ya kubeba watu, hapana. Lakini siku nikilala kitandani, angalau uweze kumpeleka nyanya yako zahanati na kuleta maji."

Nilikuwa nimetimiza miaka 18 mwezi wa Machi. Nalitaja hili makusudi, ndugu zangu wadogo, msije mkasema mwanachama mwenzetu ametupotosha. Leseni ya pikipiki ya kawaida hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18, na kubeba abiria kwa malipo kuna leseni yake ya mbali. Mafunzo yangu ya mwanzo yote yalikuwa ndani ya shamba letu. Kabla sijaikanyaga barabara ya watu nilijiandikisha katika shule ya udereva na kupata leseni ya mwanafunzi. Asiye na umri huo na aendelee na baiskeli. Wala asiidharau, kwani aliyezoea baiskeli kwenye maramu amekwisha kujifunza nusu ya kazi, ambayo ni kusawazisha mwili.

KWANZA: VAA, KISHA ZUNGUKA

Siku ya kwanza nilijitokeza na ndara miguuni. Mjomba alicheka hadi akakaa chini. "Wee, unaenda kuoga ama unaenda kuendesha?" Nikarudi ndani.

Vazi la kwanza ni helmeti iliyofungwa kidevuni. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye kiwiko hailindi kichwa, hulinda kiwiko. Mguuni vaa kiatu kinachofunika kifundo cha mguu. Gambuti si mbaya ikiwa haikupwayi. Vaa suruali ndefu ngumu, shati la mikono mirefu na glavu hata kama ni za kazi ya shamba, maana mtu akianguka hutanguliza viganja. Ukitoka kwenda barabarani ongeza jaketi linalong'aa. Sheria ya Trafiki inakutaka wewe na abiria wako muwe na helmeti na jaketi hilo, na abiria awe mmoja tu.

Baada ya kuvaa, zunguka pikipiki mara moja polepole. Mjomba aliita kitendo hiki "kuisalimia." Alisema, "Mtu ukimkuta asubuhi unasema mulembe, unaangalia kama ameamka vizuri. Hii nayo ni hivyo." Kaguo lenyewe ni hili:

1. Matairi. Yabonyeze, yatazame kama yana misumari, na kama meno yake bado yapo. Tairi lililolika kama kichwa cha kipara halina kazi kwenye matope.

2. Cheni. Isukume kwa kidole katikati. Icheze kidogo, isiwe imekaza kama waya wa ua wala kulegea kama kamba ya nguo. Iwe na oili.

3. Breki, ya mbele na ya nyuma. Kamata na kanyaga, kisha isukume pikipiki uone kama inashika.

4. Liva ya klachi na ya breki, pamoja na nyaya zake. Angalia kama kuna ufa au uzi wa waya uliokatika. Kumbuka nambari hii ya nne, msomaji wangu. Tutairudia.

5. Petroli, oili ya injini, taa na honi.

PILI: MIKONO NA MIGUU

Kila kiungo kina kazi yake. Mkono wa kushoto ni wa klachi. Mkono wa kulia una kazi mbili, kuongeza mafuta na kushika breki ya mbele. Mguu wa kushoto ni wa gia, na wa kulia ni wa breki ya nyuma. Gia hazifanani kwa pikipiki zote. Kwa nyingine, ya kwanza hukanyagwa chini na zinazofuata huinuliwa juu. Kwa nyingine, zote hukanyagwa upande mmoja. Basi uliza mwenyewe kabla ya kuwasha.

Nilifanya zoezi hili injini ikiwa imezimwa, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Mjomba aliketi kwenye kigoda akiita, "Klachi! Gia! Breki nyuma! Klachi!" nami nikitii. Niliona aibu, maana majirani walikuwa wakipita njiani na kucheka. Lakini siku ya nne sikuwa ninafikiri tena, viungo vilikwenda vyenyewe.

TATU: KLACHI NDIYO MWALIMU MKUU

Klachi ni mlango kati ya injini na gurudumu. Ukiivuta, mlango umefungwa, injini inazunguka peke yake na pikipiki imetulia. Ukiiachia, mlango umefunguka na nguvu zinakwenda kwenye gurudumu la nyuma. Kosa la anayeanza ni kuufungua mlango huo kwa kishindo. Pikipiki hurukia mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba, au huzimika.

Fanya hivi. Weka gia ya kwanza huku umevuta klachi. Ongeza mafuta kidogo tu, injini ingurume kwa upole. Sasa achia klachi kidogo kidogo, mpaka usikie sauti ya injini inashuka na pikipiki inataka kusogea. Hapo simama! Usiachie zaidi. Sikiliza mahali hapo, pajue kama unavyojua mlango wa kwenu gizani. Kisha vuta tena. Rudia mara hamsini.

Mjomba aliweka mitungi miwili ya maji kwenye uwanja wa nyasi, umbali wa hatua thelathini hivi. Kazi yangu kwa siku mbili ilikuwa kutoka mtungi huu hadi ule, kusimama bila kuzima, kugeuka, kurudi. Polepole. Nilipoomba gia ya pili alisema, "Mbio kila mtu anaweza. Pole pole ndio kazi." Nimegundua kwamba ni kweli. Anayeweza kwenda mwendo wa mtu anayetembea bila kugusa mguu chini ndiye dereva.

NNE: MACHO

Siku ya sita kulikuwa na kisiki kimoja uwanjani. Uwanja mzima ni nyasi, kisiki ni kimoja, nami nikaenda moja kwa moja nikakigonga. Mjomba alikuja akikimbia.

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Kisiki, Mjomba. Nilikuwa naogopa kukigonga."

"Ndiyo maana umekigonga! Angalia penye unaenda, usiangalie penye unaogopa. Pikipiki inafuata macho."

Hilo ndilo somo ambalo ningemfundisha mtu kama ningeruhusiwa somo moja tu. Inua kidevu, tazama mbele hatua ishirini au thelathini, chagua mahali pa kupita, na macho yakae hapo. Shimo utaliona kwa pembe ya jicho, hiyo inatosha. Ukilikazia macho, mikono itakupeleka humo.

TANO: MARAMU NA MCHANGA

Maramu kavu ina kokoto za mviringo zinazoviringika kama gololi chini ya tairi. Huko, mambo yote hufanywa kwa upole. Fuata alama iliyokanyagwa na magari mengi, maana hapo kokoto zimekwisha kutupwa pembeni. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye lami, lakini kwenye kokoto gurudumu la mbele likikwama, wewe uko chini kabla hujasema "mama." Tegemea zaidi ya nyuma, na ile ya mbele uiguse kwa kidole kimoja au viwili.

Palipo na vituta vidogo vinavyofuatana kama ubao wa kufulia, simama juu ya vikanyagio. Kunja magoti, yabane tangi, legeza viwiko. Magoti yako yawe springi. Anayekaa kitini kama gunia hupigwa na kila kituta, na usukani humtoka mikononi.

SITA: MATOPE YENYEWE

Sasa tumefika kwenye utelezi. Mvua ya kwanza kubwa ya Aprili ilinyesha usiku, na asubuhi Mjomba akaniita kwa furaha kama mtu aliyealikwa arusi. Tukaenda kwenye njia ya ndani, kando ya shamba la miwa.

Tumia gia ya pili kwa sehemu kubwa. Ya kwanza ina nguvu za ghafla, hulifanya gurudumu la nyuma kuzunguka bure na kujichimbia kaburi. Mafuta yawe sawasawa, usiongeze kwa pupa wala usifunge ghafla. Usukani utacheza kulia na kushoto. Uache ucheze kidogo. Ukiukaza kama unamkaba mwizi, utaanguka. Mwili utulie, mikono iwe laini.

Kwenye mifereji ya trekta, chagua mmoja mapema ukae ndani yake hadi mwisho. Wengi huanguka wanapobadili nia katikati. Kama ni lazima uvuke ukingo wa mfereji, uvuke kwa kuukata wima, si kwa kuambaa nao, maana tairi likiambaa na ukingo huteleza na kukuangusha ubavuni. Mwendo ukiwa mdogo sana unaweza kugusa chini kwa mguu ili usianguke, lakini usiburute miguu ukiwa kwenye kasi. Mguu ukinaswa na udongo, mfupa ndio hulipa.

Maji yaliyosimama, yapime kwanza kwa miguu au kwa fimbo. Dimbwi halionyeshi tumbo lake. Yakiwa yanakwenda kwa nguvu usivuke kamwe, iwe ni kijito kinachoingia Mto Sio au Mto Malaba au mtaro tu. Maji yanayokwenda humwangusha mtu mzima hata yakiwa hayajafika magotini. Ukivuka salama, bonyeza breki kidogo kidogo ukiwa unatembea ili zikauke, kwa kuwa breki zilizolowa hudanganya.

Kilima nacho kina adabu yake. Ingia gia ndogo kabla ya kuanza kupanda, inamia mbele. Unapoteremka, kaa nyuma kidogo, acha gia ndogo iizuie pikipiki, wala usivute klachi ukaserereka kama jiwe.

SABA: KUANGUKA

Sasa nije kwenye kovu. Siku ya kumi, katika matope yale yale, nilimwona msichana mmoja jirani yetu akitoka kisimani. Shetani akanishika. Nikaongeza mafuta. Nadhani sina haja ya kueleza zaidi. Nyuma ilikwenda kulia, mbele ikaenda kushoto, nami nikaenda katikati. Goti liligonga jiwe, liva ya klachi ikagonga jiwe jingine.

Ukianguka, iachie pikipiki. Usijaribu kuikamata, ina uzito zaidi ya kilo mia moja na haina huruma. Zima swichi. Jikague mwenyewe kwanza, halafu mashine. Kuiinua, ipe mgongo, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha kiti kwa mwingine, sukuma kwa miguu, si kwa kiuno. Na uangalie ekzosi. Wengi wetu hapa shuleni tuna alama ya kuungua kwenye ndama wa mguu wa kulia, kwa kuwa pikipiki nyingi ekzosi yake iko kulia. Shukia kushoto, ndugu yangu.

Yote hayo niliyafanya. Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Niliitazama ile liva nikaona ufa mwembamba, kama unywele. Mjomba alikuwa ameingia nyumbani kunywa chai. Nikapangusa matope, nikanyamaza. Nilijiambia ni mkwaruzo tu. Kweli iliyokuwa moyoni ni kwamba niliogopa asije akasema basi, masomo yamekwisha. Goti nililifunika kwa suruali.

Kesho yake alfajiri alikwenda kazini. Kwa kuwa jioni niliifua pikipiki mwenyewe na kumwambia iko sawa, hakuizunguka. Aliniamini. Saa nne hivi, karibu na foleni ya malori Malaba, alikuwa amembeba mama mmoja mwenye trei tatu za mayai. Lori lililo mbele likasimama. Mjomba akavuta klachi, na liva ikakatika ikabaki mkononi mwake. Injini ikaendelea kuisukuma pikipiki mbele. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, ikazimika kwa kishindo, hatua mbili nyuma ya lori. Mama yule alishuka mzima. Mayai hayakupona.

Mjomba alilipa mayai. Alinunua liva mpya, kitu cha bei ndogo ambacho fundi hukifunga kwa dakika chache. Siku hiyo deni la mkopo halikupata chochote. Alifika nyumbani jioni, akaketi, akaweka kile kipande kilichovunjika juu ya meza. Mpasuko wa zamani ulikuwa umechafuka kidogo, na ule mpya uling'aa. Hakuhitaji kuuliza. Hata hivyo aliuliza.

"Hii ulikuwa unajua?"

Nikashika tama. "Ndiyo, Mjomba."

Nilingoja kofi. Halikuja. Alisema polepole, "Kuanguka si kosa. Mimi nimeanguka mara ngapi hata sijui. Lakini ukianguka ukanyamaza, unanipa mimi nianguke badala yako. Na yule mama. Alikuwa na mtoto tumboni, unajua?"

Sikulala usiku ule. Nilifikiria hatua mbili zile kati ya gurudumu la mbele na lori. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi nilificha ufa, na ungemwumbua mtu ambaye hakuwa na hatia, ambaye alinunua mayai tu.

Nilidhani ndio mwisho wa masomo. Asubuhi akaniita nje. Pikipiki ilikuwa chini ya mwembe. "Isalimie," akasema, "uniambie kila kitu unaona." Nikaizunguka, nikataja tairi, cheni, breki, liva, nyaya. Nikataja hata msumari mdogo uliolegea kwenye sahani ya nambari. Akaitikia kwa kichwa, akanipa ufunguo.

MANENO YA MWISHO

Wasomaji wangu, wapo watu wanaolipia michezo hii. Kule Jinja, na hata pwani yetu, watalii hukodisha pikipiki za magurudumu manne ili wapakwe matope kwa furaha. Nazo zina mafunzo yayo hayo: helmeti, macho mbele, mwendo wa upole, na kuinamisha mwili upande wa mlima, maana za miguu minne haziteremki ubavuni, hupinduka zikamlalia mtu. Sisi matope tumepewa bure, na tunapita humo kwa sababu nyumbani ni ng'ambo ya matope.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza na aanze hivi: umri kwanza, leseni, mavazi, uwanja wa nyasi, klachi, macho, maramu, na matope mwisho kabisa. Asibebe mtu mpaka aweze kujibeba. Na akianguka, maana ataanguka, aseme siku hiyo hiyo kwa mwenye pikipiki, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele. Ukweli wa jioni ni wa bei nafuu kuliko wa kesho asubuhi.

Muhula huu karo yangu imelipwa nusu. Nusu nyingine iko njiani, inakuja juu ya magurudumu mawili kutoka Malaba. Kila Jumamosi ninapokuwa nyumbani, ninaizunguka pikipiki kabla Mjomba hajatoka. Naye siku hizi huizunguka baada yangu. Hajanieleza sababu, nami sijauliza. Nafikiri sote wawili tunaijua.